Kwa Mwanangu Anayetaka Kuiona Dunia kwa Juu

Itaka, Jumatano jioni

Mwanangu mpendwa Atupele,

Salamu nyingi zikufikie. Najua saa hii ninapoandika uko Vwawa kumuaga mwalimu wako, na utarudi kabla ya chakula, tutakula pamoja. Lakini barua hii utaisoma ukiwa Japani, kwa hiyo nakusalimia kama mtu aliye mbali, na wewe ipokee hivyohivyo.

Baba yako anakusalimia. Yuko uani anafunga upya kamba ya begi lako kwa mara ya tatu, na begi lenyewe halina tatizo. Bibi yako anakusalimia sana, anasema meno yamebaki manne lakini sala ziko zote. Mdogo wako Lusajo anakusalimia, anasema usisahau mlichoahidiana, mimi hakuniambia ni nini. Mdogo wenu Tusa naye anakusalimia, huyo ameshahamia kitandani kwako hata kabla hujaondoka, na magauni unayoyaacha ameyapanga kama yake. Mjomba wako Ambakisye wa Tunduma anakusalimia, yeye na mkewe, na huyo nitamsema mbele. Jirani yetu Mama Jeni anakusalimia na wanakwaya wote. Mimi mama yako ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu.

Sikuandikii habari za kula na kuvaa. Hayo nimekuambia wiki nzima mpaka Tusa akaanza kuniigiza. Na herufi zangu unazijua, niliishia darasa la nne, zinalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Soma polepole.

Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili. Tulikuwa tumekaa barazani mimi na wewe tunachambua kahawa, tunatoa zilizovunjika, na moyo wangu ulikuwa umetulia kwa sababu ulikuwa unaimba. Ukanyamaza, ukaniuliza, "Mama, siku moja wakiniambia nisitengeneze vyombo vya angani tu, nipande mwenyewe niende huko juu, utasemaje?" Nikakujibu, "Usinitajie jambo hilo tena ndani ya nyumba hii." Ukasema, "Sawa, mama." Hukuimba tena. Tangu siku ile tunaongea habari za soksi na chanjo tu. Kesho asubuhi unapanda basi na mimi sijakujibu. Nimejaribu kukuita mara mbili, nikaishia kukuuliza kama umekunywa chai. Ndiyo maana nimechukua kalamu ya Lusajo.

Nianze na hiyo habari ya kuishia darasa la nne, maana sijawahi kukueleza sawasawa. Siku zote nimesema ada ilikosekana. Si kweli. Kwetu Ileje shule ya kijijini ilikuwa na madarasa manne, na mtu akitaka kuendelea alivuka mto kwenda shule ya ng'ambo. Masika ya mwaka ule mto ulimchukua mtoto wa jirani alipokuwa anavuka juu ya gogo. Nilikuwa namjua, tulikuwa tunacheza rede pamoja. Mama yangu akasema, "Wewe huvuki." Mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kuniombea. Mara ya kwanza mama alimpa maparachichi. Mara ya pili alimwona anakuja na akajificha shambani mpaka alipoondoka.

Wenzangu sita walivuka mwaka ule, na wote walifika. Mmoja wao ndiye muuguzi aliyekupokea wewe ulipozaliwa. Mimi nalia kwa uchungu, yeye ananiita jina langu la utotoni, ananicheka, "Sukuma mtoto, we mvivu, huku si kwenye rede!" Na mimi katikati ya maumivu yale nawaza, huyu tulikalia benchi moja.

Simlaumu mama yangu, Mungu amlaze pema. Alichokiona mtoni mimi sikukiona kama yeye, yeye ndiye aliyeshika miguu ya mtoto yule walipomtoa majini. Nilibaki hai, nikaolewa huku kwa watu wema, nikakupata. Lakini Jumapili niliposikia nilivyokujibu, ile ilikuwa sauti yake kabisa, hadi ule ukali wa mwishoni.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Unakumbuka ukiwa darasa la tano, shule yenu ilipanga safari ya kwenda kukitazama kimondo? Ulikuja unakimbia, unasema kuna chuma kilianguka kutoka mbinguni, kiko hapahapa Mbozi, na mwalimu anataka mzazi aseme ndiyo. Nikakuambia, "Jiwe ni jiwe. Mawe yamejaa hapo nyuma ya choo, kayatazame." Siku wenzako walipokwenda tulikuwa shambani tunapalilia, na ulipalilia vizuri kuliko siku zote. Ningependa ungenuna. Nilikuwa nimezoea kukugombeza ukinuna, lakini mtoto anayenyamaza na kupalilia vizuri nilikuwa sijui namgombezaje.

Ukakua, ukaenda chuo, na mwaka juzi ukiwa likizo ukanipandisha bodaboda bila kuniambia tunakwenda wapi. Nilipoona kile kibao cha kimondo nikajua. Na yule mlinzi wa pale naye!

"Mama, mmetoka wapi?"

"Itaka."

"Itaka hiihii? Wazungu wanapanda ndege kuja kukiona, wewe wa Itaka unakuja leo?"

Nikamjibu, "Nilikuwa napalilia."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilikuwa naficha aibu, maana barabara ile nimeipita miaka yote nikienda Vwawa na sijawahi kugeuza shingo. Basi nikakisogelea. Kirefu kama ng'ombe wawili wanaofuatana, na upande mmoja kimeng'aa pale watu wanapokishika. Nikaweka kiganja. Kwenye kivuli kilikuwa cha baridi, kwenye jua kinaunguza. Bibi yako alikuwa akinisimulia tangu nilipoletwa hapa kama bibi harusi kwamba wazee walikigonga wakitaka chuma cha majembe, kikawashinda, na mimi nilikuwa naitikia "ee" huku naosha vyombo. Siku ile nilipokishika ukaniuliza, "Unaona nini, mama?" Nikasema nasikia njaa, twende. Leo nakuambia kweli: niliona kwamba huko juu kuna mahali. Mpaka siku ile nilidhani ni rangi tu.

Nisamehe ile safari ya darasa la tano. Sikuwahi kukuomba.

Kuna na lile la kahawa. Hilo unalijua, ila upande wangu hujausikia. Ilikuwa mwezi wa saba, kahawa imejaa kwenye chanja inakaribia kukauka, na ndiyo iliyokuwa ikupeleke kidato cha tano. Turubai la kufunikia nilikuwa nimewaazimisha watu wa harusi huko Vwawa, wageni wao wakae kivulini, na mimi mwenyewe nilikuwa nakwenda kupika. Ukaniambia, "Mama, simu inasema kesho mvua. Turudishe turubai." Nikasema, "Mvua ya mwezi wa saba? Hiyo simu yako inatazama Kyela." Nikajifunga kitenge nikaenda zangu, tena kule harusini nikawasimulia wanawake, tukacheka, "mwanangu siku hizi anaulizia mvua kwenye simu."

Ile mvua ilinikuta nakoroga pilau. Nilitoka na mwiko mkononi. Mpaka nimepata usafiri na kufika, kahawa ilikuwa inaelea, na wewe na baba yako mmevua hata mashuka vitandani mmefunika. Baba yako alikuwa anaigeuza kwa mikono, kiganja kimoja kimoja, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Ilishika ukungu, ikanuka, kwenye chama cha ushirika wakaitupa kwenye daraja la mwisho, na wewe ukaenda shuleni wiki tatu baada ya wenzako.

Sasa nakushukuru kwa jambo moja ambalo labda hulikumbuki: hukuniambia "nilikuambia." Sio siku ile, wala hata tulipogombana kwa mengine. Mimi ningesema. Ningesema kila mwaka ukifika mwezi wa saba.

Ndipo nikakuuliza hiyo simu ilijuaje, ukanieleza kwamba kuna macho yamewekwa juu, yanazunguka, yanaona mawingu yakiwa bado mbali. Nikakuuliza, "Yanaona na watu?" Ukanionyesha picha yetu. Nikaona bati letu, nikaona chanja, nikaona na bafu letu la nyasi lisilo na paa. Sikulala vizuri. Asubuhi nikamwambia baba yako bafu liezekwe leo hii, akauliza kwa nini, nikasema kuna upepo. Umenitunzia siri hiyo mpaka leo, na kwa hilo pia nashukuru. Siku hizi najua hawaoni hivyo, ila paa libaki.

Na tuseme haki, macho hayo nayo hukosea. Mwaka uliofuata yalisema mvua, tukafunika kahawa siku tatu, jua likawaka kama tanuru, kahawa ikatoka jasho chini ya turubai. Nikakuletea kesi. Ukaniambia, "Ndiyo nakwenda kusoma, mama, waache kutudanganya." Nilikuwa natania, ila wewe hukuwa unatania, na nikaliona hilo usoni mwako nikaogopa kidogo.

Nije kwenye kikao cha ukoo cha mwezi uliopita. Masomo yamelipiwa na wenyewe wa huko, ila ya njiani na ya kuanzia maisha yalikuwa juu yetu, na kwetu safari ya mtoto ni ya ukoo wote. Watu wamekaa, kila mmoja anasema anachotoa, huyu kahawa, yule mbuzi. Ikafika zamu ya mjomba wako Ambakisye. Akasimama.

"Shemeji zangu, mimi si mtu wa kuficha. Wanawake wanabeba ndoo kichwani kutoka bondeni, watoto wanakaa chini darasani, halafu binti yetu anakwenda kusomea kurusha vyuma mbinguni. Hizo fedha mataifa yanazochoma huko juu zingechimba visima vingapi? Angesomea uuguzi ningetoa macho yamefumba."

Na mimi, mama yako mzazi, mbele yako na mbele ya watu, nikasema, "Kaka kasema kweli."

Niliona shingo yako ikiinama. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko mvua na kuliko kimondo. Yale mawili nilikuwa sijui. Hili nilikuwa najua, nimeshaweka kiganja, nimeshanyeshewa, ila nilikuwa nimeona mwanya wa kukuzuia usiende mbali, nikautumia kwa maneno ya mtu mwingine. Mama yangu alijificha shambani. Mimi nilijificha nyuma ya kaka yangu.

Nashukuru nyumba ina bibi. Alikohoa pale kwenye mkeka, akasema, "Ambakisye, si wewe uliyetusimulia Krismasi habari za dereva rafiki yako? Yule aliyemwambia tajiri wake lori liko kwenye foleni ya mpakani, kumbe ameliegesha kwa mwanamke kule Nakonde, ng'ambo ya mpaka?"

Mjomba akasema, "Bibi, hayo ya nini tena hapa?"

"Nauliza tu. Alikamatwaje?"

"Gari lina kidude."

"Kidude kinaongea na nani?"

Mjomba akakuna kichwa. "Na vyuma vya juu."

"Basi," akasema bibi yako, "kama vyuma vya juu vinaweza kumfumania dereva Nakonde, vitashindwa kututafutia maji Itaka?"

Watu walicheka hadi mtu mmoja akamwaga togwa. Lakini nakumbuka ulichosema walipotulia. Ulisimama, ukasema, "Mjomba hajakosea. Mwanamke mwenye ndoo kichwani anastahili jibu kabla ya mtu yeyote. Mimi nikisoma halafu nikamsahau huyo, mrudi mnidai mbuzi wenu." Hukumjibu kwa kiburi, na yeye hukumwacha na aibu. Sijui ulijifunza wapi, kwangu hukujifunza.

Mjomba wako hakubadilika, bado anasema ni uharibifu. Ila lile koti zito ulilofungasha, lenye manyoya shingoni, ni lake, alilipata kwa Mzambia mmoja anayefanya naye biashara na alikuwa akilivaa asubuhi za baridi kwenye kazi yake ya kubadilisha fedha mpakani. Alilileta mwenyewe. Akaniambia, "Dada, safari siikubali. Mtoto namkubali." Ukilivaa mwombee, maana mwezi wa sita Tunduma si mchezo na yeye hana jingine.

Sasa mimi mwenyewe nasemaje? Nimefikiri nikiwa jikoni, na nikiwa shambani, na leo nimefikiri vizuri. Vyombo vya kutazama mvua na magonjwa ya mimea, navikubali, watu watoe fedha. Wale matajiri ulionisimulia, wanaopanda dakika chache wakashuka, kama watu waliokwenda kucheza bembea, hao siwaelewi, na wewe usije ukaniambia niwaelewe. Lililonisumbua ni la mtu kwenda. Nilikuwa najiuliza, kama macho yanaweza kutumwa yenyewe, kwa nini mtoto wa mtu aende? Chombo kikilipuka ni chuma. Mtu akilipuka ana mama. Ulinieleza mwenyewe kwamba imewahi kutokea, hukunificha, na mimi tangu siku ile nikikutazama usingizini nawaona wale waliokufa.

Lakini nimekumbuka kile kiganja. Miaka yote nilisikia habari za kimondo, kwa bibi, kwa walimu, kwa redio, na hazikunifanya kitu. Nikakishika mara moja. Kama mimi, mwanamke wa shambani, kushika kipande tu kilichoanguka chenyewe kulinigeuza hivyo, siwezi kukuambia wewe kwamba kusikia kunatosha. Nitakuwa mwongo. Uliniambia waliofika huko wanasema dunia haionekani mipaka, nikakuambia watu wa Tunduma hawaioni hata wakiwa chini, wanavuka kununua sukari na kurudi kabla chai haijapoa. Nilikuwa nakwepa. Nilikuwa nataka kukuuliza utaona nini kingine, na nikaogopa kwamba utanieleza vizuri.

Kwa hiyo sikiliza, Nambeye, kama ukoo wa baba yako unavyowaita mabinti zake, mtoto wangu wa kwanza. Siku wakikuchagua, panda. Nimesema mimi mama yako, nikiwa na akili zangu, na baba yako nimemsomea hapa amenikubalia kwa kichwa. Usisubiri niache kuogopa ndipo uende, maana sitaacha. Hofu yangu niachie mimi, nina kazi nayo, nitapika nayo na kulima nayo. Sharti langu ni moja: unipigie wewe mwenyewe kabla, nisisikie redioni.

Wasipokuchagua kamwe, ukaishia kuvitengeneza ukiwa chini, au ukarudi ukafundisha Vwawa, sitakuwa nimepungukiwa. Nimeshapata. Umenigeuza shingo kwenye barabara niliyoipita maisha yangu yote. Watoto wengi huwaletea mama zao vitenge. Wewe umeniletea mahali. Mungu akulipe, na akulinde unakokwenda, na huko Japani kwenye ardhi inayotikisika, na juu zaidi akipenda.

Nasikia sauti yako hapo njiani unaongea na Mama Jeni, wacha niikunje niifiche katikati ya vitenge utakavyobeba kabla hujaingia. Ukiisoma, jibu upesi, usingoje upate nafasi, nafasi haipatikani. Hata ujumbe mfupi kwenye simu ya baba yako unatosha. Ila usiniandikie "niko salama, msijali" ukaishia hapo, hiyo wanaandika hata wagonjwa. Niandikie na unachokiogopa. Mimi changu nimeshakuandikia.

Ni mimi mama yako,
Mama Atupele